Mumia za Misri: aliyepakwa dawa kidogo ndiye anayesema mengi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninafundisha historia kidato cha kwanza. Tulipofika Misri ya kale, wanafunzi walinibana kwa maswali ambayo kitabu cha darasani hakiyajibu. Maiti ilikaushwaje hata ikae miaka 3,000 bila kuoza? Tukiacha wafalme na dhahabu zao, miili hiyo inatufundisha nini kuhusu maisha na vifo vya watu wa kawaida? Mmoja akauliza kama mumia na mumiani ni kitu kimoja. Na je, lipo jaribio dogo ninaloweza kufanya nao?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nianze na la mumiani kwa sababu ni fupi, na mwanafunzi wako yuko sahihi: asili ya neno ni moja. Kwa Waajemi na Waarabu, mumiya ilikuwa lami nyeusi inayochuruzika kwenye miamba, ikiuzwa kama dawa ya mifupa iliyovunjika. Watu walipoona maiti za Misri zimegandwa na kitu cheusi kinachong'aa, wakadhani ni lami ile ile, na jina likahamia kwenye maiti. Wauza dawa wa Ulaya walizisaga na kuziuza kwa karne kadhaa. Pwani yetu nayo ilipokea mumiani kwa njia ya biashara ya baharini kama dawa nyeusi ya kuunga mifupa, hadi uvumi ulipoenea kwamba imetengenezwa kwa damu ya watu, na jina likawashukia wanyonya damu wa hadithi. Ajabu ni kwamba kile kitu cheusi, kikipimwa maabara, mara nyingi si lami kabisa. Ni mchanganyiko wa mafuta ya mimea, mafuta ya wanyama, nta ya nyuki na utomvu wa miti. Lami ya kweli inaonekana zaidi kwenye miili ya vipindi vya mwisho.

Sasa ukaushaji. Neno la kuwapa wanafunzi ni magadi. Wamisri walitumia natron, chumvi iliyochimbwa hasa Wadi Natrun, bonde lililo kaskazini-magharibi ya Cairo. Ndani yake mna sodiamu kaboneti na bikaboneti, pamoja na chumvi ya kawaida na salfeti kidogo. Ni jamaa wa karibu wa magadi tunayotia kwenye maharage, na Ziwa Natron la Tanzania lina jina hilo hilo. Chumvi ya mezani hufyonza maji lakini mafuta huyaacha yalivyo. Natron hufyonza maji na pia huvunja mafuta, kama magadi yanavyofanya kwenye sabuni, na ukali wake huwafanya bakteria washindwe kuzaliana. Ndiyo maana haikubadilishwa kwa chumvi tupu.

Maiti huanza kuoza kutoka ndani, kwenye utumbo wenye bakteria tayari, na bakteria hao wanahitaji maji. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji. Kwa hiyo kazi ilikuwa na sehemu mbili: kutoa kwanza vile vilivyolowa zaidi, kisha kuvuta maji yaliyobaki kabla joto halijawahi.

Katika kiwango cha juu, kazi ilikwenda hivi. Mwili ulioshwa. Kulabu ya shaba iliingizwa puani na kuvunja kifupa chembamba kilicho kati ya pua na ubongo. Wengi hudhani ubongo ulivutwa vipande vipande kwa kulabu. Hauvutiki, ni laini mno. Majaribio yameonyesha kwamba hukorogwa mpaka uwe ujiuji, kisha maiti hugeuzwa kifudifudi umwagike. Hitilafu zilitokea: kwenye fuvu la mumia moja iliyoko Zagreb, Kroatia, skani, yaani picha za mashine zinazoonyesha ndani ya mwili bila kuufungua, ilionyesha kipande cha kijiti cha mmea kilichovunjikia ndani na kuachwa humo.

Baadaye ubavu wa kushoto ulipasuliwa kwa kisu cha jiwe. Diodorus wa Sicilia, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anaeleza kwamba aliyepasua alikimbizwa kwa mawe na laana, kwa kuwa alikuwa amemjeruhi mtu, japo ndiyo kazi aliyoitiwa. Kupitia tundu hilo yalitolewa ini, mapafu, mfuko wa tumbo na utumbo. Vilikaushwa kando na, kwa kawaida, kuwekwa katika mitungi minne, kila mmoja chini ya mlinzi wake: Imsety wa ini, Hapy wa mapafu, Duamutef wa tumbo na Qebehsenuef wa utumbo. Figo mara nyingi ziliachwa, pengine kwa sababu zimejificha nyuma na mkono hauzifikii kirahisi. Kwetu ni bahati, kama utakavyoona.

Kisha natron. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama mwili ulilowekwa kwenye maji ya natron au ulifukiwa kwenye natron kavu. Mkemia Alfred Lucas alijaribu kwa njiwa, na kavu ikashinda. Mwaka 1994 Bob Brier na Ronald Wade walifanya kazi nzima huko Baltimore, Marekani, kwenye mwili wa mtu aliyekuwa ameutoa kwa ajili ya sayansi. Walitumia zaidi ya kilo 250 za natron, ndani na nje, kwenye chumba chenye joto na hewa kavu, na wakauacha siku 35. Ulipofukuliwa ulikuwa umepoteza zaidi ya nusu ya uzito wake. Kipimo hicho kinakupa uwiano wa kukumbuka: natron iwe kama mara tatu ya uzito wa mwili, la sivyo inalowa na kuacha kufyonza.

Baada ya siku kati ya 35 na 40 mwili ulitolewa, ukasafishwa, ukapakwa mafuta na utomvu wa moto, ukajazwa vitambaa au vumbi la mbao, kisha ukafungwa kwa kitani. Kazi yote, pamoja na ibada, ilichukua siku 70. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anaitaja idadi hiyo, na kitabu cha Mwanzo kinapoeleza kifo cha Yakobo kinataja siku 40 za kumpaka dawa na 70 za maombolezo. Kitani chenyewe kilikuwa kingi kupita unavyofikiri. Mumia ya Wah, msimamizi wa mali aliyeishi karibu mwaka 1975 KK na sasa yuko New York, ilifungwa kwa takribani mita za mraba 375. Katikati ya tabaka hizo alinaswa panya mdogo, mjusi na nyenje. Kitani hicho mara nyingi si kipya. Ni mashuka ya nyumbani yaliyochanwa, mengine yakiwa bado na alama za dobi.

Hapo ndipo penye jambo ambalo vitabu vya shule hulikosa. Mpakaji dawa hakuwa anatutunzia kumbukumbu. Alikuwa anatengeneza mwili mzuri wa kuishi milele, kwa hiyo alitoa viungo, akaziba majeraha, akajaza mashavu na kupaka rangi. Kadiri alivyolipwa vizuri ndivyo alivyofuta zaidi. Ukitaka kujua mtu aliishije, mtafute ambaye hakuwa na fedha za kumlipa.

Nakht ndiye mfano bora ninaoujua. Alikuwa mfumaji kijana wa Thebes, Luxor ya leo, katika karne ya 12 KK, akifanya kazi kwenye hekalu la ukumbusho la mfalme Setnakht. Alifariki akiwa na umri kati ya miaka 14 na 18. Hakupasuliwa ubavu, wala ubongo wake haukutolewa. Aliogeshwa, akafungwa kitani, akawekwa kwenye jeneza, na hewa kavu ikafanya iliyobaki. Mwili wake uko Royal Ontario Museum, Toronto, na mwaka 1974 madaktari wa huko waliupasua kama wanavyopasua maiti ya hospitalini.

Walichokuta ni picha ya maisha ya kando ya Nile ambayo hakuna mchoro wa kaburini unaoionyesha. Utumboni mlikuwa na mayai ya tegu, yaani alikula nyama isiyoiva. Kwenye msuli wa mbavu mlikuwa na kifuko cha mnyoo aitwaye trikinela, ambaye kwa kawaida hutoka kwenye nguruwe. Herodotus aliandika kwamba Wamisri walimwona nguruwe kuwa najisi. Msuli wa Nakht unasema wafanyakazi walimla. Alikuwa na mayai ya kichocho, na ini lilikuwa limeanza kusinyaa kwa makovu. Mapafu yalikuwa na masizi ya moshi na chembe za mchanga. Huyu ni kijana, si mzee, na tayari alikuwa na minyoo ya aina tatu na mapafu ya mpishi wa kuni.

Kichocho kinastahili aya yake, kwa sababu wanafunzi wako wanakijua. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer, daktari aliyefanya kazi Misri, alikuta mayai ya kichocho cha mkojo yaliyogeuka chokaa ndani ya figo za mumia mbili za nasaba ya 20, yaani ukoo wa 20 wa wafalme wa Misri. Kwa hiyo mnyoo anayewakojoza damu watoto wa Unguja na kando ya Ziwa Victoria aliwakojoza damu watoto wa Nile miaka 3,000 iliyopita, kwa njia ile ile: konokono wa maji, mifereji ya kumwagilia, miguu mitupu. Ruffer alilazimika kwanza kulainisha nyama iliyokuwa kavu kama ngozi ya viatu. Maji yake ya kulowekea yalikuwa sehemu 50 za maji, 30 za spiriti, na 20 za maji yenye soda kaboneti asilimia 5. Soda iliyoukausha mwili ndiyo iliyosaidia kuufungua. Na angeanzia wapi kama wapakaji dawa wangetoa figo?

Meno yanasema jambo jingine. Karibu kila mtu mzima ana meno yaliyolika hadi bapa, maskini na mfalme kwa pamoja. Sababu ni mkate: mchanga wa jangwani na vumbi la mawe ya kusagia viliingia kwenye unga kila siku. Meno yalipolika hadi kwenye neva, usaha ulifanyika kwenye taya. Ramesses II, aliyetawala miaka 66 na kufa karibu mwaka 1213 KK akiwa na umri wa takribani miaka 90, alikuwa na majipu ya meno ambayo bila shaka yalimtesa kuliko jeshi lolote la Wahiti.

Kuhusu moyo na mishipa, usiwaambie wanafunzi kwamba magonjwa hayo yameletwa na chipsi na soda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipitisha mumia 137 za sehemu nne za dunia kwenye skani ya CT. Kati ya 76 za Misri, 29 zilikuwa na dalili za mishipa ya ateri kukakamaa kwa chokaa. Binti mfalme Ahmose-Meryet-Amon, aliyeishi karibu mwaka 1550 KK, alikuwa nayo hata kwenye mishipa ya moyo. Hata hivyo kumbuka ninachosisitiza: mumia nyingi za Misri ni za watu waliokuwa na nafasi, wenye nyama na siagi mezani, kwa hiyo hesabu hiyo si ya taifa zima. Kwa walalahoi, mifupa ya makaburi ya kawaida ya Amarna, mji wa kale wa Misri, ambayo haikuwa mumia hata kidogo, ni shahidi mzuri zaidi. Inaonyesha migongo na viungo vilivyochakazwa na mizigo, wakati kuta za makaburi ya wakubwa zimejaa meza za vyakula.

Wafalme nao wana la kusema, ila kwao skani inapaswa kupenya kwanza yale yaliyofichwa. Mfano mkali ni Ramesses III, aliyekufa mwaka 1155 KK. Mafunjo, yaani maandishi kwenye karatasi za matete, yaliyoko Turin, Italia, yanaeleza kesi ya watu wa nyumba ya wanawake wa mfalme waliokula njama dhidi yake, lakini hayasemi wazi kama walifanikiwa. Shingo yake ilikuwa imefungwa vitambaa vizito ambavyo hakuna aliyevifungua. Skani iliyochapishwa mwaka 2012 ilionyesha chini yake koo lililokatwa kwa kisu kikali hadi kwenye mfupa wa uti wa mgongo. Ndani ya jeraha mpakaji dawa alikuwa ameweka hirizi ya jicho la Horus, ishara ya kupona, ili marehemu apone huko aendako. Karibu yake kulikuwa na maiti ya kijana asiyetolewa viungo, aliyefunikwa ngozi ya mbuzi ambayo kwao ilikuwa najisi, mdomo wazi. Vinasaba vinaonyesha nasaba ya kiume ya Ramesses, na wengi humdhania kuwa Pentawere, mwana aliyetajwa kwenye ile kesi. Hapo maandishi, mwili na namna ya kupakwa dawa vimekutana. Ni nadra sana vitatu hivyo kukutana.

Mfalme Seqenenre Tao, aliyewapiga vita Wahyksos, wageni waliotawala kaskazini ya Misri, ana majeraha kadhaa kichwani, lakini mikono yake haina alama za kujikinga. Uchunguzi wa mwaka 2021 wa Sahar Saleem na Zahi Hawass ulihitimisha kwamba yaelekea alikuwa amefungwa mikono, na kwamba wapakaji dawa walijaribu kuziba nyufa za fuvu lake kwa dawa zao.

Sasa tahadhari, maana makosa mengi ya magazetini yanatoka hapa. Kila alama kwenye mumia iulize mara tatu: imetoka kwenye maisha ya mtu, kwenye meza ya mpakaji dawa, au kwa mikono iliyokuja baadaye? Picha ya eksirei ya Tutankhamun ya mwaka 1968 ilionyesha vipande vya mfupa ndani ya fuvu, na hadithi ya kuuawa kwa kupigwa rungu ikaenea dunia nzima. Skani ya mwaka 2005 ilionyesha vipande hivyo viliachana na mfupa baada ya kifo. Mwili huo uliharibika mara mbili. Kwanza alimiminiwa utomvu mwingi mno, ukaganda na kumgandisha kwenye jeneza. Kisha mwaka 1925 timu ya Howard Carter, mgunduzi wa kaburi lake, ikamkata vipande ili kumtoa. Vipimo vya mwaka 2010 vilikuta kwake vinasaba vya malaria kali, ile ile ya kwetu, na mfupa wa paja la kushoto ulikuwa umevunjika karibu na kifo chake. Kipi kilimuua? Mtu anayekujibu kwa neno moja anakuuzia kitu.

Mifano mingine ya kudanganywa: diski za uti wa mgongo zinazong'aa kwenye eksirei ziliwahi kuhesabiwa ugonjwa wa kurithi, kumbe ni chumvi za kukaushia zilizojipenyeza. Nywele nyekundu zinaweza kuwa hina au kazi ya dawa. Rangi ya ngozi ya mumia haikuambii chochote kuhusu rangi ya mtu akiwa hai, kwa sababu utomvu humfanya kila mtu mweusi. Wanafunzi watakuuliza hili, hivyo uwe tayari. Utafiti mkubwa wa vinasaba wa mwaka 2017 ulichukua sampuli za watu 151 kutoka Abusir el-Meleq, lakini ni watatu tu waliotoa vinasaba vya kutosha vya kiini cha seli. Walifanana zaidi na watu wa Mashariki ya Kati, na mchango wa kusini ya Sahara ukaongezeka baadaye. Ni mji mmoja wa kaskazini. Kuugeuza kuwa kauli juu ya Misri yote, hadi Aswan na Nubia, ni kukisoma kijiji kimoja na kusema umesoma nchi.

Na kuhusu kifo chenyewe? Imani iliyo maarufu ni kwamba moyo uliachwa kifuani ili upimwe kwenye mizani dhidi ya unyoya wa Maat, mungu wa kike wa haki na ukweli. Skani zinaonyesha kwamba mumia nyingi hazina moyo. Ama kanuni ilikuwa ya wenye uwezo, ama wapakaji dawa walikuwa wazembe, na pengine yote mawili. Nia ya kumfanya marehemu awe kamili inaonekana wazi zaidi kwenye marekebisho. Ramesses IV aliwekewa vitunguu machoni. Ramesses II alijazwa punje za pilipili manga puani, pilipili iliyotoka India. Malkia Henuttawy wa nasaba ya 21, wakati ambapo mtindo ulikuwa kujaza chini ya ngozi, alijazwa mashavu kupita kiasi hadi yakapasuka. Binti mmoja wa miaka 13 hivi, ambaye mumia yake ilifunguliwa Manchester mwaka 1975, alikuwa hana sehemu za chini za miguu. Alitengenezewa miguu ya bandia, na kwa kuwa wapakaji dawa hawakujua kama ni mvulana au msichana, walimwekea viungo vya jinsia zote mbili. Ndani yake palikutwa mnyoo wa Gini aliyegeuka chokaa. Si kila kiungo cha bandia kilikuwa cha kaburini, lakini. Tabaketenmut, binti wa kasisi, alikuwa na kidole gumba cha mguu cha mti na ngozi chenye dalili za kuvaliwa, na majaribio ya nakala yake yalionyesha kwamba kinasaidia kutembea.

Vitu vya kupakia vinatuchorea ramani ya biashara. Karakana ya kupaka dawa iliyogunduliwa Saqqara mwaka 2016, ya nasaba ya 26, ilikuwa na vyombo vilivyoandikwa matumizi yake: hiki cha kichwa, hiki cha kuondoa harufu. Mabaki yalipopimwa na kuchapishwa mwaka 2023, neno antiu, lililokuwa likitafsiriwa manemane, lilikutwa juu ya chombo chenye mafuta ya mierezi au misaiprasi na mafuta ya wanyama. Humo pia mlikuwa na elemi na dama, utomvu wa misitu ya tropiki. Dama hutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Na kwa upande wetu wa Afrika, nyani waliokaushwa Misri walipimwa aisotopu (alama za kikemikali zinazoonyesha mnyama alikoishi) na vinasaba, na walikotoka ni Pembe ya Afrika, yaani eneo la Eritrea na jirani zake, kule ambako Wamisri walipaita Punt na kufuata ubani.

Wanyama kwa ujumla walikuwa biashara. Waumini walinunua paka, mbwa au ndege aliyekaushwa na kumtoa sadaka. Wachunguzi wa Manchester walipopitisha mamia ya vifurushi hivyo kwenye skani, karibu theluthi moja havikuwa na mnyama ndani, ila matope, vijiti na manyoya. Mnunuzi hakufungua.

Jaribio la darasani basi. Chukua perege watatu wa karibu gramu 200 kila mmoja. Wapasue ubavu wa kushoto, watoe matumbo, waoshe, wakaushe kwa kitambaa, uwapime na kuandika uzito. Saga magadi ya sokoni yawe unga. Samaki wa kwanza mfukie kwenye mchanganyiko wa magadi sehemu 4 na chumvi sehemu 1. Wa pili kwenye chumvi tupu. Wa tatu kwenye mchanga mkavu uliochekechwa. Hicho si kipimo cha Wamisri, ni cha kukaribia natron tu. Jaza ndani ya tumbo pia, na nje kuwe na unene wa sentimita 3 kila upande, chini hata juu. Kwa samaki mmoja andaa angalau kilo moja na nusu. Tumia beseni pana lisilo na mfuniko, lifunike kwa chandarua dhidi ya nzi, uliweke kivulini penye upepo. Kopo lililofungwa hushindwa: mvuke hurudi na samaki huoza ndani ya chumvi yake. Pwani, fanya wakati wa kiangazi, kwa sababu masika magadi hufyonza unyevu wa hewa kabla ya kuufyonza wa samaki.

Siku ya 7 mtoe kila mmoja, mpime, tupa unga wote uliolowa na uweke mpya. Kuongeza mpya juu ya uliolowa hakusaidii, maana maji yako chini. Rudia siku ya 14, na umalize siku ya 21. Nyama ya samaki ni maji kwa kama robo tatu, kwa hiyo uzito usiposhuka chini ya nusu kazi haijaisha. Wanafunzi walinganishe samaki wa magadi na wa chumvi kwa kugusa: wa chumvi huwa mkavu lakini mwenye mafuta, wa magadi huwa mwepesi. Wavae glavu, wasifikiche macho, na samaki wafukiwe mwishoni. Hata paka asionje. Ukianza kusikia harufu siku ya 3, kagua tumboni kwanza. Mara nyingi mtu amejaza nje vizuri na kusahau ndani.